Mkataba Kama wa Ngosha

“…tena una muhuri wa mtendaji wa kata! Dorcas, nimeuona kwa macho yangu mawili! Ngosha ana mkataba!”

Teodora alikuwa anahema, brashi ya vipodozi bado mkononi. Dorcas akaacha kupiga pasi nguo za waigizaji.

“Ngosha? Huyu huyu aliyekuja juzi?”

“Huyu huyu! Kifungu cha kwanza, apumzike kivulini. Cha pili, maji safi mara tatu kwa siku. Akiugua, daktari aitwe saa hiyo hiyo. Na asipigiwe kelele!”

Wakatazamana. Wiki ya tatu hiyo wako ufukweni Butimba, wanatengeneza filamu ya hela ya serikali, na hawajapewa hata karatasi ya kufungia vitumbua. Jumatatu Dorcas alizimia juani. Meneja wao, Projest, akasema asiyetaka kazi aache, wanaoitaka wamejaa. Ngosha mwenyewe, anayeonekana mara mbili tu kwenye filamu nzima, alikuwa kajilaza chini ya turubai, anatafuna taratibu.

“Kaupataje?”

“Mzee Mashimba ndiye msimamizi wake. Kasema bila mkataba, Ngosha hatoki Kisesa.”

Saa sita ikaingia simu. Mkaguzi wa serikali anafika saa nane, anataka kuona mikataba ya wafanyakazi wote. Isipokuwepo, filamu inasimama.

Jasho likamtoka Projest. “Teodora, mdogo wangu, mkaguzi akija mwambieni mikataba iko ofisini.”

“Hatusemi uongo, kaka Projest. Tunataka mkataba kama wa Ngosha. Neno kwa neno.”

“Jamani! Nyie na Ngosha mko sawa?”

“Hata sisi tunauliza.”

Wakakaa chini wafanyakazi wote kumi na wawili, mchangani. Projest akaangalia saa, akaangalia barabara. Ule mkataba mzee Mashimba aliuleta umeshaandikwa, naye Projest akausaini bila kuusoma. Sasa akafuta jina la Ngosha kwa wino mweupe, akamtuma bodaboda Mabatini kutoa kopi. Saa nane kasoro robo kila mtu alikuwa na wake, jina limejazwa kwa kalamu, Projest kashasaini.

Teodora akawasomea wenzake kwa sauti. Kivuli, kipo. Maji, yapo. Daktari, yupo. Vigelegele! Mpiga picha akacheza peke yake. Teodora akageuza ukurasa, akasogeza karatasi karibu na macho.

“Soma basi, unatutesa!”

Akakohoa kidogo.

“Kifungu cha saba. Asifungwe kamba kwenye pembe, na filamu ikiisha arudishwe zizini bila kuchinjwa.”

Honi ya gari la mkaguzi ikalia. Dorcas akamsukumia kalamu.

“Saini, wewe! Hayo ya pembe tutayamalizia kesho.”