Viboko Sita kwa Kheri Abdulkarimu

Mkutano ulikuwa umekaa pande mbili, na katikati ulipita mfereji wa maji ya mvua. Upande wa juu waliketi wale waliosema kwamba mahakama imekosea. Upande wa chini, wale waliosema kwamba mahakama ni mahakama. Mwezi uliopita watu hao walikuwa wakisaidiana kuchuma chai. Sasa hawakusalimiana.

Kwenye kiti cha mbele, kando ya mfereji, aliketi mshtakiwa, amefunikwa blanketi mpaka kidevuni kwa sababu ya manyunyu. Siwema, mke wa Abdulkarimu muuza nguo, alikuwa akimnywesha uji kwa kijiko.

Mwenyekiti wa kijiji, Yohane, aliamuru hati ya mashtaka isomwe. Karani alisoma: "Kheri Abdulkarimu, mwanafunzi, umri miaka kumi na minne, anashtakiwa kwa kukata migomba arobaini katika shamba la jirani."

Kesi hiyo ilikuwa imeahirishwa mara mia mbili na sita. Hatimaye hakimu aliliita faili, hakuona shahidi hata mmoja, akamwachia huru mshtakiwa.

"Tarehe ya kosa?" mtu aliuliza.

"Tarehe si hoja," Mwenyekiti alijibu. "Kosa haliozi."

Hezron, ambaye nyumba yake ndiyo iliyolalamika, alisimama. "Ndaga, asante, Mwenyekiti. Migomba ile ilipoangushwa, nyumba yetu ilikula mihogo mwaka mzima. Leo mtoto wa watu wa pwani anaachiwa. Angekuwa wetu, angekuwa ndani."

"Wewe uliila hiyo mihogo?" Siwema aliuliza bila kugeuka.

"Nilisimuliwa."

Upande wa chini walicheka. Upande wa juu, Prosper, kijana aliyevaa fulana iliyoandikwa MIGOMBA NAYO INA UHAI, alisema kwamba hakimu alionekana akinunua shati dukani kwa Abdulkarimu.

"Na hizo fulana mlizovaa, mwanangu, mlizinunua kwa nani?" Abdulkarimu alimwuliza.

Prosper aliitazama fulana yake. "Hayo ni mambo mengine, mzee."

"Na huo upwani wetu mmeutoa wapi? Mimi nimezaliwa Tukuyu. Pwani nimefika mara moja, nikaugua joto."

Ndipo likaja suala la umri. Sauda, mama lishe wa upande wa chini, aliomba huruma. Alisema mtoto wa miaka kumi na minne hajui atendalo.

"Mtoto?" Hezron alisema. "Mtazameni vizuri. Huyo ni mtu mzima."

"Ndivyo msemavyo siku zote watoto wetu wakishtakiwa," Sauda alijibu. "Wenu ni watoto hata wakiota ndevu. Wetu huwa watu wazima tangu darasa la nne."

Maneno yalipanda. Mtu mmoja alitaka mshtakiwa afunguliwe kinywa, meno yake yahesabiwe. Mwingine akataka kwanza yahesabiwe ya Hezron. Mwenyekiti aligonga meza.

"Hati ina muhuri," alisema. "Imesema kumi na minne. Mimi na ninyi tu nani hata tumwongezee mtu umri?"

Pande zote mbili ziliikubali hoja ya muhuri. Walakini upande wa juu haukuridhika kwamba Kheri arudi nyumbani hivihivi. Hezron alitoa shauri lake: duka lifungwe, nyumba nzima ya Abdulkarimu ihame kabla ya Ijumaa, na Kheri asilale tena katika kijiji hicho. Aliomba wanaokubali wainue mikono.

Mikono iliinuka. Siwema aliitazama mmoja mmoja. Mingine ilikuwa ya watu aliowapikia misibani. Mitatu ilitoka upande wa chini.

Abdulkarimu alivua kofia yake. "Tumezika watu wetu hapa," alisema. "Tukihama, makaburi yao tutamwachia nani? Ikiwa ni lazima iwepo adhabu, itajeni nyingine. Tutaipokea."

Mwenyekiti aliinama kushauriana na wazee wawili, kisha akasimama wima.

"Mtoto hafukuzwi kijijini," alisema. "Mtoto huchapwa. Viboko sita mbele ya mkutano, na shauri limekwisha. Tena kwa desturi yetu hachapwi na mtu baki. Huchapwa na baba yake, na baba ni yule ashikaye jina la baba. Hati inasema Kheri wa Abdulkarimu. Katika nyumba hiyo, Abdulkarimu ni nani?"

"Ni mimi peke yangu," Abdulkarimu alijibu.

"Basi ndiwe. Ukikataa, mnahama."

Mikono ilishuka. Hezron alisema kwamba adhabu hiyo ni ndogo, lakini ni ya haki. Sauda alisema kwamba ni kali, lakini ni ya malezi. Kwa mara ya kwanza siku hiyo pande mbili zilipigia makofi jambo moja.

Ililetwa fimbo iliyokatwa kwenye mti wa kahawa. Abdulkarimu aliipokea kwa mikono miwili, akaenda nayo polepole hadi mbele ya kile kiti. Siwema aliweka bakuli chini, akaliondoa blanketi.

"Niwie radhi, baba," Abdulkarimu alisema, akampokea Kheri mkongojo wake, akangoja wajukuu wawili wamsaidie mzee kuinama.