Kasoro ya Pembeni

Kwa mara nyingine, askari wa kushoto alikuwa hajachorwa. Mwewe alisubiri, kidole kikiwa juu ya kitufe, na ghafla yule askari akamzukia katikati ya skrini, upanga tayari shingoni. Mchezo ukaisha. Mwewe akatukana kwa sauti, jambo ambalo siku hizi halikumshangaza mtu.

"Umeona?" akamuuliza mpwa wake.

"Nimeona, Mjomba. Ila huyo askari alionekana tangu anatoka mlangoni."

"Hakuonekana!"

Binti huyo akauanzisha mchezo upya. Yeye ndiye aliyeileta zana ile mpya ya kuchorea picha za michezo ya kompyuta. Lilikuwa toleo la majaribio, bado halijauzwa popote, na aliwabembeleza watengenezaji mpaka wakaipa ofisi yao ndogo nafasi ya kulijaribu kabla ya wengine. Bosi alishasema waziwazi kwamba likiwaharibia mchezo, aliyelileta atafungasha virago.

Mwewe aliwaandikia watengenezaji kila asubuhi. Vitu vya pembeni havichorwi. Miti inachelewa. Maadui wanaibuka tu kama majini. Wakamjibu kwa adabu kwamba kwao kila kitu kinaonekana, na adabu hiyo ilimchoma kuliko matusi. Alikuwa kwenye kazi hii ya ukaguzi tangu mashujaa wa michezo walipokuwa vijisanduku vinavyorukaruka. Jina la Mwewe hakujipa mwenyewe. Alipewa na wenzake, maana hakuna kasoro iliyowahi kumpita.

Ofisi nzima nayo ilimchosha. Watu walikuwa wamezuka na tabia ya kunyatianyatia. Siku moja mpwa wake alimwekea chai karibu na kiwiko, na chai yote ikaishia kwenye kibodi.

"Kwa nini unanijia kama paka?"

"Nimekiweka kikombe ukiangalia, Mjomba."

"Na wewe umeanza kunibishia kila kitu!"

Mwishowe bosi akawaita wote wawili. Binti akaucheza mchezo mbele yao, akawamaliza maadui mmoja baada ya mwingine, wala hakuguswa.

"Ameukariri huyo," Mwewe akasema. "Anajua wanakotokea."

Bosi akajikuna kidevu. "Mimi si mtaalamu wa picha. Mwewe akisema kasoro ipo, basi ipo."

Binti akakusanya vitu vyake. Machozi yalimlengalenga lakini hakulia. Alipofika mlangoni alisema tu, "Mama nitamwambia mwenyewe." Mwewe aliumia sana, kwa kuwa yule alikuwa mtoto wa dada yake, damu yake. Lakini kazi ni kazi, akajiambia, na uongo ni uongo.

Alasiri ile wakairudisha zana ya zamani, aliyoijua nje ndani. Mwewe akaufungua mchezo wao wa kwanza, ule alioukagua mwenyewe mpaka jani la mwisho, akashusha pumzi. Uwanja ulikuwa mtupu kulia na kushoto. Akapiga hatua moja, na mkuki ukamchoma ubavuni kutoka hewani.

"Bosi!" akaita kwa hasira, macho mlangoni. "Hebu njoo haraka! Hata hii wameiharibu!"

"Sasa makelele ya nini?" bosi akamjibu sikioni. "Si nimekaa hapa kando yako tangu ulipoiwasha?"