Maisha ya Kalunde

Siku hizo historia ilisomwa usingizini. Kila mwanafunzi alipewa maisha ya mtu mmoja wa zamani, akawa anayaota mchana kutwa kwenye vitanda vya chuo. Nyamizi alipewa maisha ya Kalunde, mama wa watoto watano aliyeishi katika mji huohuo wa Sikonge enzi za ukoloni.

Mwaka huo visima vya mji vilikauka vyote. Mchana mmoja Nyamizi aliamka akitokwa na machozi ya furaha, akawapeleka mafundi nyuma ya soko.

"Chimbeni hapa," aliwaambia. "Wazungu walikifukia kisima chetu walipopitisha barabara."

Walichimba siku tatu, maji yakatoka, baridi na matamu. Watu walimbeba juujuu hadi kwake.

Mumewe, Mihayo, alikuwa amempikia ugali kwa kuku. "Sasa umemaliza, mama Milembe. Pumzika."

"Bado," alijibu taratibu, kama mtu anayesikiliza muziki wa mbali. "Kalunde anajua kisima kingine. Chuoni wameniomba nirudi kitandani Jumatatu."

Mihayo alitaka kukataa, lakini huko nje majirani walikuwa wakipita na ndoo zilizojaa, wakiimba.

Milembe, binti yao wa miaka minne, aliingia mbio akamrukia mama yake mapajani. Nyamizi alimpokea vizuri, akamfuta vumbi usoni kwa kanga yake.

"Mtoto mzuri," alimwambia, "nenda nyumbani sasa. Mama yako atakuwa anakutafuta."

Milembe aliangua kicheko, akidhani ni mchezo. Mihayo aliweka chini tonge lake, akamtazama mkewe.