Kura ya Bangili

Siku hizi hakuna anayebonyeza kitufe kumpigia mshiriki kura. Bangili ya mkononi husikiliza moyo wako unapotazama shindano, na yule anayeufanya uende mbio ndiye uliyempa kura.

Kila likizo ya msimu wa joto nilikuwa nikitazama Vita vya Sufuria, shindano la mapishi, nikiwa nimejifungia chumbani, maana mtaani wananijua kama mwalimu mkuu mstaafu. Mwaka huu nilifungua milango na madirisha, nikatandika mikeka hadi barazani. Mwantumu, binti yangu, alikuwa ameingia fainali. "Huyo nimemfunza mimi," niliwaambia majirani kabla hawajauliza.

Alikosa ushindi kwa kura moja, akashinda msichana aitwaye Tabitha. Jana alirudi na orodha ya kura za kila nyumba, akaiweka mezani.

"Mama, wewe ulimpa Tabitha."

Sikukana. "Yule mtoto alimimina maji kwenye mchele kama ananywesha ng'ombe. Nilimtazama roho mkononi. Wewe nilikutazama nimetulia tuli. Pilau yako naijua tangu una miaka tisa."

Akaikunja ile orodha polepole. "Kwa hiyo mimi hukunihofia hata kidogo?"

"Hata kidogo," nikasema, kidevu juu.

Alijaribu kutabasamu, midomo ikamcheza. Hapo ndipo bangili ilipotetemeka mkononi mwangu, ikaandika jina lake.

Kura zilikuwa zimefungwa tangu Ijumaa.