Mteja Mwenye Kipanya Mfukoni

Siku ya tatu, yule askari alikuja na kipanya chake mwenyewe mfukoni.

Umulkheir alimtazama akikichomoa kwenye suruali ya sare, akikifuta kwa kiganja na kukichomeka kwenye laptop ya dukani kana kwamba amerithishwa. Laptop ya gemu! Mtu analinda geti la benki huko chini, kiatu kimefumuka kisigino, halafu naye anachagua laptop ya gemu.

"Hajati, password ya internet ni ile ya jana?"

"Ile ile, afande. Nunuakwanza, neno moja. Maana yake umeielewa?"

"Nimeelewa, Hajati." Akacheka, akavaa visikizi vyake.

Hajati hakuwa. Makka hajafika hata kwa ndoto, lakini jina lilimkaa vizuri, akaliacha.

Mwezi mzima huo viatu vilivyopanda ngazi za jengo lile la Kampala hadi dukani kwake havikuwa vya wanunuzi. Vijana wa chuo waliuliza kadi ya picha ni ipi, wakaipiga picha bei, wakateremka. Mzee mmoja wa Bugolobi alitaka kujua kama laptop ya gemu inaweza kuandika barua. "Inaandika, mzee wangu," Umulkheir alimjibu, "lakini itakucheka." Basi laptop ikabaki pale rafu ya mbele tangu Ramadhani, moja tu, ya bei nafuu kuliko zote za aina yake, na mumewe Nasser akaishiwa uvumilivu.

"Mama Raisa, Jumamosi jioni ikiwa haijatoka, hiyo rafu narudishia makava ya simu. Habari ya kompyuta nisiisikie tena."

Miaka kumi na miwili Umulkheir alikuwa ameuza makava ya simu, na aliyachukia yote, ya maua na ya vipepeo. Ile rafu aliitaka kuliko alivyoitaka Makka yenyewe.

Ndiyo maana akamvumilia yule askari, Ogwal, kama jina lilivyoshonwa kwenye kifua cha sare. Jumatano, alipotoka zamu, alikuja na maswali ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza. Ikicheza saa nzima inashika moto? Memori inaongezeka? Picha zikienda mbio, kioo kinazifuata? Umulkheir alijibu huku akisoma ubavuni mwa boksi.

"Sasa hii ya bei ya chini itaniweza, Hajati?"

"Kwa mshahara wako, afande, hata boksi lake litakuweza."

Hakukasirika. Aliomba kuijaribu tu. Saa tisa kamili akafungua gemu ya mpira, akacheza saa nzima bila kuinua macho, kisha akasema bado anaangalia. Alhamisi, saa tisa kamili, akarudi akaangalia tena. Kujaribu gani huku kwa kutoka jasho mpaka shingoni? Umulkheir aliona ni ushamba tu, mtu mzima kulewa mchezo wa watoto.

Ijumaa hiyo ya kipanya, wakati Ogwal amezama, akaingia mteja wa kweli. Mama Hortense, Mkongo anayeuza vitenge soko la Kikuubo, viatu vya ngozi, mkoba mzito.

"Minatafuta mashine ya mutoto wangu, ya michezo. Lakini bei isikuwe ya kuniua."

"Ni hii hii, dada! Muulize afande, leo siku ya tatu anaijaribu. Haishiki moto, haikwami."

Ogwal aliinua kisikizi kimoja, macho yapo kwenye kioo. "Mama, mashine ni mzuri sana. Kwa pesa ya chini hakuna ingine. Ngoja dakika mbili, nakuongelesha."

Na tajiri wa Kikuubo akasimama kumngoja askari! Dakika mbili zilipokwisha, Ogwal aliruka kutoka kitini, ngumi zimekazwa. Halafu akatulia, akamweleza mama yule kila kitu: memori itaongezwa wapi, na kwamba isiwekwe juu ya kitanda kwa sababu feni inakosa pumzi. Umulkheir hajawahi kuajiri mchuuzi hodari namna ile, na huyu alikuwa wa bure.

"Kesho asubui nitakuya na feza," alisema Hortense.

Ogwal akamwandikia namba yake ya simu, eti mashine ikisumbua ampigie. Umulkheir aliuma mdomo asicheke. Maskini, anajitongozea mwenye vitenge!

"Na wewe afande, utachagua lini?"

"Kesho, Hajati. Kesho nakuambia."

Jumamosi aliipangusa laptop mara tatu. Nasser alimsalimia kwa sauti ya mtu aliyekwisha kushinda. Saa nne ikapita, saa sita, saa nane. Ndipo Hortense akatokea ngazini, ana boksi kwapani. Lilikuwa boksi lile lile, picha ile ile, gundi yake haijabanduliwa.

"Umenunua wapi?" Umulkheir alilishika boksi.

"Kwa afande, dada. Wamemupa hii leo asubui. Alishindaka ile mashindano ya internet, ile alikuwa anachezea hapa kwako. Mupya kabisa, na akanipunguzia bei. Nimekuya tu kukushukuru. Bila weye, singemujua."

Nasser hakungoja jioni; alikuwa amekwisha kupandisha gunia la makava hadi mlangoni saa tisa kamili ilipogonga, na Ogwal akaingia nyuma yake, kiatu kipya mguuni.

"Umepewa laptop ukaiuza!" Umulkheir alimrukia. "Si ulisema unachagua?"

"Nilichagua, Hajati. Nilichagua hii yako." Akavuta kiti, akatoa kipanya mfukoni. "Kwangu umeme hakuna. Bado ni nunuakwanza?"