Mikato Saba ya Stan Kuzma

Mkato wa nne ulimtoka vibaya. Kisu kiliteleza, Curtis Lesko akajikata kidole gumba, akalamba damu na kuitazama tena picha ya kitako cha bunduki kwenye simu. Mkato wa nne ulipaswa kuwa mfupi kuliko wa tatu, tena ulale kidogo upande wa kushoto. Wake ulisimama wima kama askari wa gwaride. Akaurekebisha kwa ncha ya kisu, akausugua kwa masizi na mafuta ya kupikia ili uonekane wa kale.

Alikuwa anaghushi. Kazi ile haina jina jingine, na yeye alijua hilo.

Bunduki ilikuwa yake kwa wiki sita tu, nayo ilikuwa ya kwanza maishani mwake: bunduki ya jeshi iliyopigana Korea mikononi mwa Stan Kuzma, mchimba makaa ya mawe wa bonde lao hilohilo la Pennsylvania. Stan alipofariki, mjane wake Arlene alibandika tangazo kwenye ubao wa kanisa. Wajuzi wa klabu ya shabaha wakamwendea mbio, akawakataa mmoja baada ya mwingine bila kutoa sababu. Curtis, ambaye hakujua hata pa kutilia risasi, ndiye aliyekaribishwa kahawa.

Bi Arlene alikuwa na macho yaliyoingia ukungu na vidole vilivyopindwa na baridi yabisi. Curtis alipouliza habari ya mikato saba kwenye kitako cha mbao, alijibiwa tu kwamba ni ya Stan. Kisha mama akataka kujua kijana huyu anafanya kazi gani. Curtis akasema anatengeneza kabati za jikoni. Uso wa mama ukachangamka.

"Basi mbao unazijua," alisema. "Ichukue. Itunze kama unavyotunza kabati zako."

Curtis akafanya vile alivyoagizwa. Aliifungua bunduki gerejini, akaipiga msasa mkali, kisha msasa laini, mpaka uchafu wa miaka sabini, mihuri ya jeshi na ile mikato saba vikawa vumbi sakafuni. Akapaka vanishi. Ikametameta. Jumamosi iliyofuata akaipeleka klabuni kifua mbele.

Rollie Baird, mkongwe wa klabu, alivua kofia kama mtu aliyefika msibani.

"Umemnyoa babu ndevu akiwa usingizini," alisema. Wengine wakacheka, yeye hakucheka. Curtis alimwonyesha picha aliyoipiga siku ya kununua, na Rollie akaikuza kwa vidole viwili. "Mtu alikaa kwenye handaki, baridi inamtafuna, akahesabu kitu kwa kisu chake. Miezi, maadui, marafiki zake waliokufa, nani anajua. Hiyo ndiyo ilikuwa bunduki, ndugu yangu. Ulichobaki nacho ni mguu wa kabati."

Akaongeza kwamba ni kosa la kila mgeni, wala hakuna mjuzi hata mmoja anayeweza kulifanya. Ndiyo maana huwa wanawasihi wajane wasiwauzie wanaoanza.

Tangu siku ile Curtis hakuwa na raha. Majuto ni mjukuu, na huyu wake alikuwa mjukuu mwenye kelele. Alikuwa amefuta maisha ya mtu kwa kipande cha msasa, kisha akajisifu mbele za watu. Hata kazini, kila akishika ubao, mkono ulisita.

Ndipo Bi Arlene akapiga simu. Anahamia Arizona kwa binti yake, alisema, na anaomba kuishika ile bunduki mara moja tu kabla hajaondoka. Kuiona hataiona, macho yamekwisha, lakini mikono ingali inasikia. Curtis angeweza kumwambia ukweli palepale. Alisema atakuja Jumamosi, akakata simu, akaenda kutafuta kisu.

Jumamosi mchana alimkuta mama amekaa katikati ya maboksi, mkate wa kokwa za jozi umekatwa mezani. Curtis alihakikisha bunduki haina risasi, kisha akailaza mapajani mwa mama. Bi Arlene akapitisha kiganja juu ya mbao polepole, akianzia mbele.

"Umeipiga msasa," alisema.

"Nisamehe, mama."

"Laiti Stan angekuwepo." Machozi yakamtiririka. Alizidi kupapasa ule ulaini, na Curtis aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Amemvunja moyo mjane, na hakustahimili kukaa akimtazama. Kabla kiganja hakijafika nyuma, aliushika ule mkono, akaupeleka kwenye kitako, akakiweka kidole kilichopinda juu ya mkato wa kwanza.

"Usilie, mama. Alama za mzee zipo. Zote saba. Sikuzigusa."

Mkono wa Bi Arlene ukaganda.

"Wanne wanaozijua bunduki walikuja kabla yako, mwanangu," alisema. "Niliwarudisha, kwa sababu wanaojua hawapigi msasa."

Kisha kidole chake kikaanza kutambaa, mkato kwa mkato, kama Stan alivyokuwa akifanya kila Jumapili akirudi kanisani.

"Huyu alikuwa ametupa silaha, ameinua mikono," alisema. "Na huyu. Na huyu."