Kwa Hisani

Lifti ilikuwa imekwama chini, nayo haikuwa na haraka na mtu. Popo akaziparamia ngazi mbili mbili, mkono mmoja umeshika mkoba wake wa kazi, mwingine umebana simu mpya aliyopewa na wenye kiwanda cha kulabu.

Ndani ya simu hiyo mlikuwa na ujumbe wa msomaji wa blogu yake, mwosha madirisha kama yeye, wa mji mwingine: "Kulabu uliyotusifia imemfungukia mwenzetu. Ililia tik, basi. Tumemzika jana."

Kulabu ndiyo inayoshika kamba juu ya paa, nyuma ya ukuta wa ukingo, mahali asipopaona aning'iniaye. Popo aliisifia ile mpya mwanzo hadi mwisho, na hajawahi kuning'inia nayo hata dakika moja. Wenye kiwanda walimwachia mstari mmoja, auweke akipenda: kwa hisani ya kampuni fulani. Hakupenda. Aliona ungewatimua wasomaji kama moshi na nyuki.

Na shemeji yake, mdogo wa mkewe, asubuhi ile alitoka nyumbani na kulabu mpya ya aina hiyo kiunoni. Kumpigia simu haiwezekani. Anayeshuka ukutani huiacha yake chini, isije ikampasua mpita njia kichwa.

Akamkuta paani akimngoja, ameupanda ukingo kama farasi, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Shemeji, rudi ndani."

"Popo mzima unahema hivyo? Jikaze kisabuni, bwana."

"Rudi. Hiyo kulabu."

"Ina nini?"

Ukweli ulikuwa mdomoni. Shemeji mwenyewe akazidi kuufungulia mlango: "Wenzangu walibisha, eti nyinyi waandishi mnalishwa. Nikawaambia, huyu namjua, kaoa kwetu. Ingekuwa kwa hisani ya mtu, angeandika kwa hisani."

Popo akaumeza. Funika kombe, mwanaharamu apite.

"Haina kitu. Ni nzuri mno, ndiyo maana. Usiichakaze kwa ghorofa tisa hizi, tuitunzie kazi ndefu. Nina mbili kuukuu humu mkobani, moja yako, moja yangu."

"Hizi zenye kutu?"

"Kutu ya nje. Miaka sita hazijaniangusha."

Shemeji akashuka ukingoni na kuvua kulabu yake mpya. Popo akaitumbukiza mkobani.

Katika kazi yao, mtu hajifungii kamba. Mwenzake ndiye humfungia, ili macho yawe manne. Popo akamfungia shemeji kwa mikono yake, akaivuta kamba mara tatu. Chuma kuukuu kiliuma kama mbwa wa zamani. Jasho likamkauka mgongoni.

"Haya, nifungie na mimi. Nitangulie," akasema, akakaa ukingoni na ndoo moja ya pale paani, kalipa paa mgongo, anatazama magari yaliyokuwa madogo kama viberiti kule chini.

Nyuma yake mkoba ulichakurwa. Kamba ikakaza.

"Tayari, shemeji."

Akajiachia. Akafika dirisha la kwanza, akapaka povu. Ndani, karani mmoja alikuwa anakunywa maji, hana habari naye. Popo akapumua. Kesho atazifuta zile sifa zote, taratibu, bila kelele, na dunia itaendelea kuzunguka. Wa nyumbani kwake yu salama.

Juu, nyuma ya ukuta, kitu kikalia tik.

Kichwa cha shemeji kikachomoza ukingoni, meno yote nje.

"Kizuri hapewi mdogo mkubwa akiwapo. Ile yenye kutu nimeitupa. Umening'inia na mpya, shemeji, kwa hisani yangu."